Bahari inakula Mombasa kiasi gani, na kiasi hicho hupimwaje? Mwamba, mchanga na picha za setilaiti

JiweLaTudor

Salaam aleikum ndugu zangu. Kila ikipita bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, picha za fuo za Nyali na Bamburi huanza kuzunguka kwenye simu: mivinje imelala, mizizi i nje, na chini yake maneno "bahari imekula mita kumi." Siku ya pili mwengine aleta picha ya jiwe lililomeguka kwenye majabali ya Mama Ngina, na maneno ni hayo hayo. Hivi ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo, nasi twavitia kapu moja. Mwamba hupoteza milimita na hauzirudishi kamwe. Mchanga hupoteza mita, na mara nyingi huzirudisha baada ya miezi sita. Nataka tuvitenganishe, kisha tuseme kila kimoja chapimwa vipi.

Nianze na mwamba, maana ndio tunaokalia. Jabali la kisiwa chetu na la ukanda wa pwani toka Likoni hadi Shanzu na kuendelea ni matumbawe yaliyoota baharini zamani. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo, na kipindi hicho ndicho kinachotajwa sana wanajiolojia wanapozungumzia miamba hii. Baadaye barafu ilikusanya maji juu ya nchi kavu, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mito iliyokuwa ikishuka toka bara ikapata mteremko mkali, ikachimba mabonde. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda yakayajaza. Hori ya Tudor na Port Reitz ni mabonde ya mito yaliyozama.

Sasa tazameni umbo lao kwenye ramani. Kwa ndani ni mapana, mdomoni ni membamba. Ndani, upande wa Changamwe na Miritini, maji yalikuta mwamba wa matope yaliyogandamana wa enzi ya Jurasi, unaomeguka tabaka tabaka kama chapati iliyokauka. Mdomoni yalikuta matumbawe magumu, yakapita kwa kuchimba chini badala ya kutanua. Bandari yenye kina na mlango mwembamba imezaliwa hapo, na jina Kilindini latoka kwenye neno kilindi. Wazee waliosoma kina cha maji kwa bildi, ile kamba yenye risasi, walishajua.

MtaaWaKuze

Shukran maalim. Lakini swali: ule mkato chini ya jabali, pale unapoona mwamba umeliwa kama mtu aliyeuma andazi, si mawimbi hayo? Kila mtu husema ni mawimbi.

KoaWaMwambani

Mawimbi yana sehemu yao, ila kwa mwamba chokaa wa nchi za joto sio mlaji mkuu. Na jibu la pili la haraka, kwamba "maji ya bahari huyeyusha chokaa", nalo halisimami. Maji ya juu ya bahari yetu yameshiba chokaa tayari na zaidi, kama chai iliyotiwa sukari mpaka ikabaki chini ya kikombe. Hayana nafasi ya kuyeyusha nyingine.

Kinachoyeyusha ni vidimbwi vinavyobaki mwambani maji yakipwa. Usiku mwani ulio ndani hupumua bila kutengeneza chakula, kaboni dioksaidi huongezeka, maji huelekea uchachu na chokaa huyeyuka kidogo. Mchana hali hugeuka. Ndiyo maana uso wa mwamba ule umejaa vishimo na makali yanayokata nyayo.

Lakini mlaji mwenyewe ana meno. Kwanza vijidudu vya kijani visivyoonekana kwa macho hutoboa milimita chache ndani ya jiwe, vikalainisha uso. Kisha konokono wa mwambani huja kuvila, na kwa kuwa ulimi wao ni tupa, hukwangua na jiwe lenyewe. Hodari kuliko wote ni kitoni, yule mdudu bapa mwenye magamba manane mgongoni aliyejibana kama kitufe: meno yake yamevikwa magnetaiti, madini ya chuma yaliyo magumu kuliko chokaa. Chini zaidi, penye maji karibu wakati wote, kuna sponji watobozi, kombe wanaojichimbia vyumba mwambani, na wale wa miiba wanaochoma miguu ya wavuvi.

Sasa, kitoni na konokono hawawezi kuishi juu sana kwa sababu ya ukavu. Kwa hivyo ulaji hukusanyika katika mkanda kati ya kupwa na kujaa, na hapo ndipo mkato hutokea. Wimbi huja kufagia unga na kuvunja kilichodhoofika.

Kilindi_2

Na ukizidi mkato, paa huanguka. Hapa ndipo watu huhesabu vibaya. Jabali laweza kukaa miaka na miaka bila ukingo wa juu kusogea hata sentimita moja, kisha siku moja bonge la mita tatu likashuka. Ukipima miaka kumi usipate kitu utasema "hakuna mmomonyoko". Ukipima mwaka wa kuanguka utasema "mita tatu kwa mwaka". Vyote uongo. Kinachofaa ni kupima kina cha mkato na kukilinganisha na unene wa paa, na kuangalia nyufa za juu zinazokwenda sambamba na ukingo.

Ufa hupimwa hivi: misumari miwili ya chuma kisichoshika kutu, mmoja kila upande wa ufa, umbali unapimwa kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, mahali pale pale. Weka jozi tatu kwenye ufa mmoja, maana ufa waweza kufunguka juu ukatulia kati. Pima saa ile ile ya siku, jua likipanda jiwe hupanuka. Na mtazame maji ya juu yanakwenda wapi. Bomba la paa au shimo la choo linalomwaga ndani ya ufa hufanya kazi kubwa kuliko bahari: maji ya mvua yaliyopita kwenye udongo huwa na kaboni dioksaidi nyingi na hayajashiba chokaa. Yanakunywa jiwe.

Mwanafunzi_Jio

Hizo milimita za mwamba mnazipata vipi? Mtu huwezi kuweka rula kwenye mwamba ukaona milimita.

KoaWaMwambani

Kuna kifaa cha kazi hiyo, kilielezwa na watafiti High na Hanna mwaka 1970 kwa kupima miamba ya chokaa. Ni kibao cha pembe tatu chenye miguu mitatu, na juu yake kuna saa ya kupimia yenye sindano inayoteremka kugusa mwamba. Miguu hukaa juu ya boliti tatu zilizopachikwa mwambani moja kwa moja. Ukirudi mwaka ujao, kibao chakaa pale pale na sindano yagusa nukta ile ile. Toleo la baadaye husogeza sindano, ukapata nukta nyingi ndani ya pembetatu moja.

Kupachika: toboa matundu matatu ya kipenyo cha milimita 8, kina sentimita 6 hadi 8. Pulizia vumbi lote litoke, ukiliacha gundi itashika vumbi badala ya jiwe. Boliti iwe ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Kile cha 304 chumvi yetu hukitoboa. Gundi iwe epoksi ya kushikia chini ya maji, kwa sababu una saa chache tu kabla maji hayajarudi. Weka vituo vitatu au vinne kwa kila kimo: juu ya maji makuu, katikati ya mkato, na chini. Kituo kimoja hakitoshi, uso wa mwamba una mashimo.

Kinachoharibu vipimo: mwani mpya juu ya nukta, unaokupa namba zinazoonyesha mwamba "umekua". Sindano yenyewe kukwaruza jiwe laini. Na mwamba kuvimba ukilowa na kunywea ukikauka, tofauti inayoweza kufika sehemu za kumi za milimita kwa siku moja. Kama mwamba hupoteza milimita 1 kwa mwaka na wewe umepima kwa miezi mitatu, unapima robo milimita ndani ya uvimbe wa kiasi hicho hicho. Usitoe namba kabla ya miaka miwili. Na kabla ya kila safari na baada yake, kijaribu kifaa kwenye kibao cha chuma chenye vipimo vinavyojulikana.

Kwa jumla miamba chokaa ya pwani za joto hutoa kati ya nusu milimita na milimita chache kwa mwaka. Mkato wa mita tatu kwa milimita moja kwa mwaka ni miaka 3,000. Si kazi ya juzi.

PwaniData

Nimesoma yote, mazuri. Ila kwa upande wa mchanga mimi nina hoja tofauti na JiweLaTudor. Picha za setilaiti ziko wazi na ni bure. Nimechora mstari wa maji Bamburi kwenye picha mbili zilizopishana miaka kama thelathini, na mstari umerudi nyuma kwa mita 28. Hiyo karibu mita moja kwa mwaka. Mchanga gani huo "unaorudi"?

JiweLaTudor

Yakhe, kabla hatujagombana: tarehe za picha zako, mwezi ulikuwa siku ya ngapi?

PwaniData

Mwezi wa mwaka au wa mbinguni?

JiweLaTudor

Wa mbinguni. Hapo ndipo penye mtego, nami nitauelezea kwa urefu kwa sababu wengi hunaswa.

Setilaiti za Landsat na Sentinel-2 zimepangwa zipite kila mahali kwa saa ile ile ya jua. Hapa kwetu kwa kawaida ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Na maji ya Mombasa nayo yana saa zake. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila mvuvi wa mwambani ajua hili. Maji mafu, siku saba baadaye, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yako karibu na kujaa.

Kwa hivyo picha ya siku ya bamvua itakuonyesha ufuo mpana maji yakiwa yamepwa kabisa. Picha ya maji mafu itakuonyesha maji yamejaa. Katika jedwali la maji la Kilindini, kupwa kwa bamvua ni takriban mita 0.3 juu ya sifuri ya jedwali, na kujaa kwa maji mafu ni takriban mita 2.4. Tofauti ni mita 2.1. Sasa mwinamo wa ufuo: kama unashuka mita 1 kwa kila mita 15, mstari wa maji husogea 2.1 mara 15, yaani mita 31 na nusu. Mita 28 zako zaingia humo na chenji yabaki, bila bahari kula hata punje.

Hesabu ni moja tu: tofauti ya kimo cha maji igawanye kwa mwinamo. Ufuo bapa zaidi, kosa kubwa zaidi.

PwaniData

Nimeangalia. Picha ya kwanza ni siku moja baada ya mwezi mpevu. Ya pili ni robo ya mwezi. Lo.

Basi setilaiti haifai?

Ramani_ya_Ufuo

Yafaa, ila chora kitu kisichofuata maji. Ukingo wa majani, mstari wa mivinje, ukingo wa jabali, ukuta wa zamani. Au kusanya picha nyingi za kila mwaka, kila moja irekebishwe kwa kimo cha maji cha saa ile kutoka jedwali la Mamlaka ya Bandari, kisha upate mstari kupitia zote badala ya kuunganisha nukta mbili.

Kisha weka kosa lako wazi. Tuseme picha ya kale ya ndege imepachikwa kwenye ramani kwa kosa la mita 5, na picha ya setilaiti ina pikseli ya mita 10. Kosa la pamoja ni kipeuo cha pili cha 25 kujumlisha 100, yaani mita 11.2. Gawanya kwa miaka 30: mita 0.37 kwa mwaka. Ukipata kasi ya mita 0.2 kwa mwaka, huna ulichopata.

MtaaWaKuze

Na sisi tusio na kompyuta?

Kilindi_2

Fimbo mbili na macho. Njia ya mwanajiolojia Emery, ya mwaka 1961, na mpaka leo haijapitwa kwa bei.

Chukua fimbo mbili za mita 1.5, zichore kila sentimita, sifuri iwe *juu*. Zifunge kwa kamba isiyovutika yenye urefu wa mita 2. Anza kwenye alama ya kudumu nyuma ya ufuo. Fimbo moja kwenye alama, nyengine kuelekea baharini, kamba imekazwa. Simama nyuma ya fimbo ya nchi kavu, panga kichwa cha fimbo ya mbele na upeo wa macho, pale bahari na mbingu zinapokutana. Mstari huo wakata fimbo yako wapi? Kama ni sentimita 14, ardhi imeshuka sentimita 14. Kama ardhi inapanda kuelekea baharini, panga kichwa cha fimbo yako na upeo, usome kwenye ile ya mbele. Andika, sogea, endelea mpaka maji. Fanya wakati wa kupwa kwa bamvua ili ufuo wote uwe wazi.

Makosa ya kwetu hasa ni matatu. Kwanza, watu hulenga povu la mwamba wa nje, ule wa matumbawe hai, badala ya upeo. Mwamba huo uko kilomita moja hivi toka ufuoni. Macho yakiwa mita 3 juu ya maji utapata kosa la milimita 6 kila hatua, na hatua 50 ni sentimita 30. Pili, hata upeo wenyewe uko chini kidogo ya usawa kwa sababu dunia ni mviringo: milimita 1 hadi 2 kwa hatua, urekebishe ukifika nyumbani. Tatu, fimbo kuzama kwenye mchanga laini. Weka kisahani cha mbao chini.

Faida yake: wapata ujazo, wala si mstari mtupu. Ufuo wa mita 30 ukishuka kwa wastani wa sentimita 40, umepoteza mita za ujazo 12 kwa kila mita ya pwani, karibu tani 19 za mchanga mkavu. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mhandisi.

JiweLaTudor

Na pima mwezi ule ule kila mwaka. Kusi, Aprili hadi Oktoba, husukuma mchanga kaskazini. Kaskazi huurudisha kusini. Ukilinganisha Machi na Agosti umepima msimu. Mwenye ukuta wa saruji mbele ya nyumba huona mchanga wake hautulii: wimbi hugonga, hurudi na nguvu yake, huchimba mguu wa ukuta. Na jirani wa ubavuni hupata hasara isiyo yake.

KoaWaMwambani

Nyongeza fupi. Mchanga mweupe wa Nyali si mwamba wa pwani uliosagwa peke yake. Sehemu kubwa ni mifupa ya viumbe: vipande vya matumbawe, kombe, na mwani wenye chokaa. Samaki pono hutafuna matumbawe na kunya mchanga. Mkubwa mmoja aweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Kwa hivyo afya ya mwamba wa nje ni akiba ya mchanga, na tena ni ukuta: kwa wastani wa dunia, miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya wimbi kwa asilimia 97 hivi. Baada ya matumbawe kupauka mwaka 1998 pwani yetu ilipoteza mengi. Mwamba uliokufa huliwa kwa juu, hushuka, na maji ya bamvua hupita na wimbi zima.

Mwanafunzi_Jio

Maswali mawili ya mwisho. Umri wa matumbawe hupatikanaje? Na mmomonyoko wa ule mwamba wa matope wa Changamwe hupimwaje?

Ramani_ya_Ufuo

Umri: uraniamu na thoriamu. Tumbawe hai huchukua uraniamu toka maji ya bahari lakini karibu halichukui thoriamu. Uraniamu 234 hugeuka polepole kuwa thoriamu 230, na kiasi cha thoriamu ndicho saa. Hufika miaka kama 500,000 nyuma. Kaboni 14 huishia karibu 50,000, kwa jabali letu haifai kitu.

Mtego: tumbawe hai limejengwa kwa aragonaiti, aina moja ya chokaa. Mvua ikilipita kwa maelfu ya miaka hugeuka kalsaiti, aina nyengine ya chokaa, na uraniamu huingia na kutoka, saa imechezewa. Kwa hivyo usichukue jiwe la usoni. Tafuta tumbawe kubwa lililosimama kama lilivyoota, toboa ndani, kisha mionzi ya X ithibitishe kwamba kalsaiti ni asilimia chache tu. Halafu hesabu uwiano wa uraniamu wa mwanzo. Usipolingana na wa maji ya bahari, tupa sampuli hata kama umri wake unakupendeza. Hasa kama unakupendeza.

Mchanga wa zamani uliozikwa hupimwa kwa mwanga ulionaswa ndani ya punje za kwatsi. Bomba la chuma la sentimita 5 hugongwa ndani ya ukuta wa mchanga na kuzibwa kwa plastiki nyeusi pande zote mbili. Likiona jua, sampuli imekufa.

Kilindi_2

Changamwe: vyuma vyembamba vya milimita 5 au 6, urefu sentimita 50, vipigwe mpaka vibaki sentimita 5 nje. Vipange kwa mistari kutoka juu ya mteremko hadi chini, visiwe kwenye mfereji peke yake, la sivyo utapima sehemu mbaya tu. Usivitie washa, yaani kile kisahani cha chuma chenye tundu; maji huzunguka kisahani na kuchimba. Usikanyage karibu navyo. Soma mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, na usome ukavu ukiwa sawa, maana udongo ule huvimba ukilowa na kufunika chuma bila kitu kuongezeka.

MtaaWaKuze

Hiyo alama ya kudumu ya Emery, naweza kuitia kwenye ukuta wa bahari? Nakusudia Jumamosi, maji ya bamvua.

Kilindi_2

Ukutani hapana, ukuta hutitia na huinama. Mnazi pia hapana. Boliti kwenye jabali lenyewe nyuma ya ufuo, na mbili nyengine za akiba mbali na hiyo, umbali kati yao uandike. Moja ikipotea, mbili zairudisha. Na ujumbe wa Jumamosi: kupwa ni saa nne na robo hivi, uwe chini kabla ya saa tatu na nusu, uyafuate maji yanavyoshuka. Ukianza yakishageuka, hatua za mwisho utazipima na maji kifuani.